Benchi Kwenye Karatasi ya Kumi na Nne

Du!

Mlio mmoja tu, mzito, kama mtu aliyeipiga ngoma ngumi moja kisha akaghairi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nimepiga magoti chini ya ngazi, futi ya chuma mkononi. Baada ya mlio ukaja ukimya, baada ya ukimya vikaja vicheko vya wasichana, na juu ya vicheko ikapanda sauti niliyoijua tangu sijajua kutembea.

"Wa tisa huyo! Wa tisa tangu Jumatatu! Kaa, mwalimu, usiinuke upesi. Inamisha kichwa. Si nyuma, damu itakuingia kooni! Mbele, mbele."

Nikatoka. Sakafuni alikuwa ameketi mhadhiri wa hisabati, mtu mzima mwenye mvi na tai, ameibana pua kwa vidole viwili. Mbele yake kilisimama kioo cha mlango wa maktaba ya chuo, upana mita saba, kimeanzia sakafuni hadi darini, kisafi hata hakionekani. Kando yake, ndoo mkononi, alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mhudumu na mtunza funguo wa jengo lile.

"Nilidhani pako wazi," mhadhiri alisema kwa sauti ya puani.

"Kila mtu hudhani," shangazi akamjibu. "Hata ndege. Ndege nimeshazika wanne."

Kioo kile nilikichora mimi. Sikukibuni, Mungu apishe mbali, lakini kila mstari wake ulipita vidoleni mwangu. Nilikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu iliyojipatia jina kwa majengo ya umma na ya vyuo, na kazi ya mchoraji ni kuchora alichokiota mkuu wake. Mkuu wetu tulimwita Kivuli. Si mbele yake. Mbele yake tulimwita Mkuu kama watu wenye adabu na kodi ya nyumba. Tulimwita Kivuli kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja mwanga na kivuli. Ukimuuliza choo kikae wapi, alikujibu habari za mwanga na kivuli.

Alijenga mahakama ambayo hakimu, mshitakiwa na shahidi waliingia kwa mlango mmoja wakisukumana mabega, akaiita usawa mbele ya sheria. Alijenga kituo cha afya chenye ngazi thelathini na mbili kabla hujamwona daktari; aliyefika juu alikuwa ameshathibitisha kwamba haumwi. Alijenga ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, akasahau paa mahali pa foleni. Watu wakawa wananyeshewa wakija kuandikisha mtoto na wananyeshewa wakija kuandikisha maiti, naye mahali pale akapaita ukumbi wa anga. Kila jengo lilipigwa picha kabla watu hawajaingia. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kazi zetu: zilipendeza mpaka alipotokea mtu.

Mhadhiri alipokwisha kuondoka na kitambaa puani, shangazi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu.

"Afisa majengo nimemwambia mara tatu aweke alama," alisema. "Kaniandikia barua kwamba suala linashughulikiwa."

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Nalishughulikia."

Akaanza kutia vidoti kwenye kioo, kimoja kila shubiri, mstari ulionyooka kuliko mistari ya watu niliosoma nao.

"Kimo hicho umekipata wapi, shangazi?"

"Pua ya mhadhiri. Wafupi watatazama juu, warefu watatazama chini. Mradi watazame."

Kisha akanitembeza. Nilikuwa nimetumwa kupima jengo, lakini yeye ndiye aliyenionyesha. Katika ukumbi wa kuingilia, mbele ya kaunta ya vitabu, palikuwa na benchi. Nilijua vizuri kwamba hapakupaswa kuwa na benchi. Nilipochora viti pale, Kivuli alivikata kwa kalamu nyekundu na kuandika: Ukumbi upumue.

"Ukumbi unapumua sana," shangazi alisema. "Watu ndio wanaokata pumzi. Binti mmoja mjamzito alisimama hapa saa nzima akingoja kitabu, mpaka nikamkalisha kwenye ndoo yangu. Ndoo, mwanangu! Katika jengo lenye marumaru chooni!"

Mbao za benchi alizichukua nyuma ya jengo, zile zilizotumika kumwagia zege na kuachwa zioze. Seremala wa chuo alimpigia misumari Jumamosi moja, naye akazisugua kwa msasa mpaka zikawa laini. Lilikaliwa na watu wanane, na tisa mitihani ikikaribia.

Upande wa machweo, ambako Kivuli aliweka dirisha refu kama uso wake, shangazi alikuwa ametundika pazia. Alishona pamoja shuka za hosteli zilizochakaa, akazichovya kwenye maji ya majani ya chai zikapata rangi ya udongo. Bila pazia lile, kuanzia saa nane mchana hakuna aliyeweza kusoma upande ule isipokuwa aliyekuja kujikausha.

Shangazi alilipigapiga lile pazia vumbi likatoka, akanitazama. "Mmejenga vizuri," alisema. "Kwa nje."

Hakunikusudia ubaya. Ndiyo maana maneno yale yaliniingia. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenisomesha uchoraji kwa mshahara wa kufagia, na sasa alikuwa anafagia damu chini ya kioo nilichokichora kwa elimu aliyoilipia. Nikafungua futi yangu. Nikapima benchi: mita tatu na sentimita sitini. Nikapima pazia. Nikahesabu vidoti: thelathini na kimoja.

Kazi niliyotumwa ilikuwa ya michoro ya makabidhiano. Jengo likishasimama, ofisi hutoa seti ya mwisho inayoonyesha lilivyo, si lilivyokusudiwa, kwa maana mafundi hubadili hili na lile njiani. Seti hiyo hukabidhiwa mwenye jengo na kuwekwa kabatini. Kilichomo humo ni mali ya jengo, na hakuna wa kukigusa bila idhini. Kisichomo ni takataka, na afisa yeyote anaweza kukitupa nje.

Nilichora siku nne. Karatasi ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa ya ukumbi na chumba cha kusomea. Rula, mchoraji mkongwe wa ofisi, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa kutokupinda, aliiinua kwenye mwanga.

"Hili nini?"

"Benchi."

"Benchi la nani?"

"La maktaba."

"Mkuu hakuchora benchi."

"Nimeambiwa nichore kilichopo. Benchi lipo. Nimelikalia."

Rula akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Kijana, nina miaka kumi na tisa hapa. Kilichopo ni kile Mkuu alichokusudia."

"Na damu ya yule mhadhiri, haipo?"

"Damu hufutika."

"Basi chukua kifutio ukaifute mwenyewe."

Alinitazama kitambo, nikajua nimevuka mpaka. Kisha akairudisha karatasi katikati ya nyingine, akazigonga kingo zikalingana. "Macho yangu siku hizi hayaoni mistari myembamba," alisema, akaenda zake kutafuta chai.

Kesho yake michoro ikasainiwa, na hapa lazima nieleze namna Kivuli alivyokuwa akisaini. Kila karatasi ya mchoro ina kisanduku kwenye pembe ya chini, mkono wa kulia, ndimo huandikwa jina la msanifu na kutiwa saini. Rula alizitandaza karatasi arobaini kama mtu anayetandaza karata, zikaachia pembe tu. Kivuli aliingia simu ikiwa sikioni, kalamu ya dhahabu mkononi, akawa anasaini pembe moja baada ya nyingine, huku akimweleza mtu wa upande wa pili habari za mwanga na kivuli. Alisimama mara moja tu.

"Jina langu mbona dogo?"

"Ni lile lile, Mkuu," Rula alisema.

"Mara ijayo likuzwe."

Akamaliza. Muhuri ukagongwa, seti ikafungwa kamba na kutiwa lakiri, ikapelekwa chuoni. Afisa majengo aliipokea. Huyu wanafunzi walimwita Barua, kwa sababu hata bomba likipasuka aliliandikia. Aliandika barua ya kupokea, akaitia seti kwenye kabati la chuma bila kukata kamba, akafunga.

Ukapita mwezi na nusu. Ofisini ikaja habari kwamba maktaba yetu imeingia katika majengo matatu yanayoshindania tuzo ya jengo bora la umma, na kwamba majaji watakuja kuitazama kwa macho yao. Kivuli alikata nywele. Akaagiza mpiga picha, akatuchukua mimi na Rula tubebe taa, tukaenda chuoni asubuhi.

Alipoingia ukumbini alisimama kama aliyekanyaga kinyesi.

"Nani kaleta uchafu huu?"

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanafunzi saba. Walitazamana, wakajitazama, kila mmoja akidhani uchafu ni yeye.

"Mimi," shangazi alisema kutoka kwenye kaunta.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayefagia."

"Basi fagia."

Barua akaitwa. Alikuja mbio, akasema hakujua, akasema angejua angeandika. Kivuli alimweleza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za mwisho, kwamba jengo lake limenajisiwa, kwamba mashuka ya hosteli yananing'inia kwenye dirisha alilolifikiria miezi minane, na kwamba kioo kimepata surua. Kisha akanigeukia. Jina langu hakuwahi kulijua.

"Wewe. Kwangua hivyo vidoti."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuamriwa jambo dogo kama lile likamkaa shingoni namna ile. Ofisini hakuna aliyejua kwamba yule mama wa aproni ni shangazi yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, asije mtu akasema mmoja kamwingiza mwenzake. Wakati Kivuli anapigwa picha amesimama mahali palipokuwa na benchi, mkono kidevuni, benchi na pazia vikiwa vimeshatupwa stoo, mimi nilikuwa nimechutama mbele ya kioo na wembe, natoa kidoti kimoja kimoja. Shangazi akaja, akachutama karibu yangu, akaniwekea kichupa kingine.

"Utakwaruza kioo cha watu. Tumia hii dawa ya kutolea."

"Shangazi, namchoma mtu leo."

"Utamchoma na nini, na pamba? Sugua."

Akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara mbili. Barua alikuwa ameandika upesi kuliko alivyowahi kuandika maishani. Ndani ya siku saba, aeleze kwa maandishi kwa nini mkataba wake usisitishwe kwa kosa la kuingiza vitu visivyoidhinishwa katika jengo la umma na kuharibu kioo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Wakimwondoa kabla, miaka ishirini na minane ya ufagio ilikuwa inafutika pamoja na vidoti, bila kiinua mgongo, bila hata cheti.

Nikamwambia kwa kunong'ona. Vimo. Benchi limo, pazia limo, vidoti vyote thelathini na kimoja vimo, kwa vipimo, kwenye karatasi ya kumi na nne, na chini yake pana saini ya huyo anayepigwa picha.

Mkono wake ukasimama. "Kasaini mwenyewe?"

"Bila kuifungua."

Alicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akashika kioo. Kisha akaacha ghafla.

"Akijua leo?"

"Ataichana leo, asaini mingine kesho."

"Basi funga hilo domo. Nakujua. Domo hilo ni la baba yako, lilimfukuzisha kazi mara tatu. Barua yao nitaijibu siku ya saba, jioni, kwa mstari mmoja: naomba mfungue karatasi ya kumi na nne. Mpaka hapo, wewe hujaniona, mimi sijakuona. Sugua, baba."

Nikasugua. Lakini hatukufika siku ya saba, kwa sababu majaji walikuja siku ya tano.

Walikuwa watatu. Wawili walikuwa wanaume wa suti ambao walipiga picha kila kitu wakiwa wamesimama mbele yake. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, msanifu mstaafu, viatu bapa, mkoba wa kitambaa. Kivuli aliwapokea mlangoni, ambapo siku hiyo aliagiza bawa moja lifunguliwe wazi, akaanza. Alionyesha dari. Wale wawili wakatazama dari. Alionyesha dirisha. Wakatazama dirisha, mikono ikiwa machoni, maana ilikuwa saa tisa alasiri na jua liliingia kama mwenye nyumba. Barua alisimama kando na faili, Rula na mimi tulibeba mabango, shangazi alisimama kwenye kaunta na aproni iliyopigwa pasi.

Mama jaji peke yake hakutazama juu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Hapo, mama, ni nafasi," Kivuli alisema. "Nafasi tupu. Mwanga unashuka, kivuli kina—"

"Nafasi tupu haina miguu sita."

Aliinama, akaelekeza kidole. Kwenye saruji iliyong'arishwa palikuwa na alama sita, mbili mbili, mahali ambapo miguu ya benchi ilikaa, na mbele yake ukanda mrefu uliopauka kwa nyayo za watu waliokaa na kuburuta viatu wakingoja vitabu. Akainuka, akaenda dirishani, akagusa matundu ya misumari. Akarudi kwenye kioo, akakiinamia kwa ubavu kama anayekinusa. Pale nilipotumia wembe kabla ya dawa, palikuwa na mikwaruzo midogo, mstari mmoja, kwa kimo cha pua.

"Jengo hili limeondolewa vitu," alisema. "Nani aliviweka?"

Barua akaona nafasi yake ya kupanda cheo. "Ni huyu mhudumu, mama. Aliingiza vitu kiholela. Tayari ameandikiwa barua."

Mama jaji akamtazama shangazi. Shangazi akatazama mbele.

"Nileteeni michoro ya makabidhiano," mama jaji alisema. "Nataka kuona jengo lilipokelewa vipi."

Kivuli alitabasamu. Alikuwa na hakika ya karatasi zake. Barua akatoka mbio, na kwa kuwa bawa moja tu la mlango ndilo lililofunguliwa, alipita salama. Dakika tatu baadaye alirudi mbio vile vile, seti kubwa imembana kifuani hata haoni miguu yake.

Du!

Karatasi arobaini ziliruka, kamba ikakatika, lakiri ikapasuka. Barua akakaa sakafuni na pua yake mkononi. Pale kaunta, shangazi, bila kugeuza uso, alinyoosha kidole kimoja na kukirudisha. Alikuwa bado anahesabu.

"Inamisha kichwa," alimwambia. "Mbele."

Mama jaji hakumjali majeruhi. Alikuwa ameinama anaokota karatasi, anazipanga kwa namba, mpaka akafika kumi na nne. Akaitandaza juu ya kaunta. Sote tukasogea.

Lilikuwepo. Benchi la mbao la kungojea, mita tatu na sentimita sitini, libaki mahali pake. Pazia la kitambaa, upande wa machweo. Alama nyekundu thelathini na moja kwenye kioo, kimo cha pua ya mtu mzima. Na katika pembe, pana, yenye mkia, saini ya Kivuli na muhuri wa ofisi.

Nimewahi kumwona mbwa akiamshwa kwa maji. Kwa muda wa pumzi moja, uso wa Kivuli ulikuwa hivyo. Alitazama karatasi, akatazama saini yake, akamtazama Rula, akanitazama mimi. Nami nilimtazama, nikiwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga siku tano, yalikuwa yamejipanga kooni kama wanafunzi mbele ya kaunta.

Kisha akacheka, mwizi yule. Akacheka kwa upole.

"Ndilo wazo lenyewe, mama," alisema. "Sisi hatumalizi jengo. Tunaacha mkono wa mtumiaji ulimalizie. Mbao hizo zilimwagiwa zege la jengo hili hili. Kitambaa hicho kilifunika vitanda vya wanafunzi hawa hawa. Kila kitu kimefikiriwa."

Wale majaji wawili waliandika. Mmoja alisema, "Lo!"

"Mbona havipo?" mama jaji aliuliza.

"Vimeondolewa kwa muda tu. Kupakwa vanishi."

"Hata vidoti vimekwenda kupakwa vanishi?"

Barua akavuta kamasi la damu. Mama jaji akakunja karatasi polepole, akamgeukia shangazi, akatazama mikono yake iliyokuwa juu ya kaunta. Kucha zilikuwa nyekundu.

"Rangi nzuri," alisema.

"Haitoki upesi, mama," shangazi alimjibu. "Nakushauri uinunue."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nakwenda kumwanika yule mtu hapo hapo, tangu choo hadi dari, mbele ya majaji, mbele ya wanafunzi wote. Shangazi alinitazama. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu kama alivyonitazama utotoni nilipopanda juu ya paa, alipojua kwamba akipiga kelele nitaanguka. Nikafunga kinywa. Meno yaligongana nikayasikia.

"Virudishwe leo," mama jaji alisema. "Kesho saa nne tutapita tena. Na barua ya huyu mama, nadhani imeandikwa kwa makosa. Hawezi kuadhibiwa kwa kitu kilichomo kwenye michoro."

Barua akasema kupitia kitambaa kwamba ataandika nyingine ya kuifuta.

Wakati wanatoka, Kivuli alinivuta kiwiko mpaka nyuma ya ngazi, pale pale nilipokuwa nimepiga magoti na futi siku ya kwanza.

"Ni wewe," alisema.

"Nilichora kilichopo."

"Sikiliza. Nikitamka kwamba ulitia vitu bila idhini yangu, seti nzima ni batili. Wewe huna kazi, na yule mwanamke wa ufagio anarudi pale alipokuwa asubuhi. Ukitamka wewe, ni yale yale. Kwa hiyo sote wawili tuna adabu. Sawa?" Akanipiga bega. "Mkono wako mzuri. Jina lako nani?"

Sikumtajia. Hakungoja.

Tuzo akaipata, nani angemnyima? Alisimama jukwaani kwa nusu saa akieleza benchi. Alilieleza mpaka mimi mwenyewe nikaanza kulionea shaka. Alisema alilifikiria akiwa ndani ya ndege, akitazama mawingu yalivyopangana. Watu walipiga makofi, wale wale waliopigia makofi ngazi thelathini na mbili. Ofisi nyingine mbili za wasanifu zilianza kuweka mabenchi ya mbao chakavu kwenye kumbi zao, yenye misumari iliyoachwa nje makusudi, kwa uzuri.

Shangazi aliongezewa mkataba wa miaka miwili. Barua ndiye aliyeuandika, mkono wake mwenyewe, kwa herufi nzuri.

Wiki moja baada ya tuzo nilikwenda maktaba mchana, nikamkuta shangazi amekaa kwenye benchi, jambo ambalo hakuwa akilifanya saa za kazi. Pembeni yake wasichana wawili walikuwa wamelala juu ya vitabu vyao. Pazia lilikuwa limeshushwa, mwanga wa chumba ulikuwa wa rangi ya chai. Kwenye kioo, vidoti vilikuwa vimerudi, na mara hii alitumia rangi ya bei.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, utachanika suruali."

Nikatazama. Katikati ya benchi, mahali ambapo makalio ya mtu yangekaa, palikuwa na kibati cha shaba kilichong'arishwa. Kiliandikwa kwamba benchi hili lilibuniwa na, halafu jina la Kivuli. Rula alitii: jina lilikuwa limekuzwa.

Damu ilinipanda mpaka machoni. "Shangazi, leo nakwenda kwa mkuu wa chuo. Leo hii. Nakwenda kwa yule mama jaji. Nakwenda redioni!"

"Punguza sauti, watu wanasoma."

"Wanakalia jina la mwizi!"

"Si ndiyo raha yake?" Alipapasa kibati kwa kidole. "Kila siku watu hamsini wanamkalia usoni. Mimi nikikifuta kila asubuhi nakwambia nacheka peke yangu." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini nisikilize, mtoto wa kaka yangu. Nimebakiza miaka miwili. Ukisema leo, michoro inakufa, na mimi nakufa nayo. Baba yako alikuwa na haki mara zote tatu. Mara zote tatu tulilala na njaa. Niapie."

Huko ndani yangu maneno yalikuwa yanagonga mlango kwa ngumi. Nikainama, nikatazama kibati. Kilishikwa na skrubu mbili, vichwa vya msalaba.

"Niapie, baba," alirudia, akanishika mkono, kucha zake nyekundu juu ya vidole vyangu vyenye wino.

Nikasimama. Wasichana wawili wakaamka, mhadhiri wa hisabati aliyekuwa anaingia kwa tahadhari, kiganja mbele ya pua, akasimama kwenye vidoti. Nilisema wasikie wote.

"Nakuahidi, shangazi. Miaka miwili sitasema neno. Lakini siku utakayokabidhi funguo, nitakuja hapa mchana kama huu na bisibisi, nitang'oa skrubu hizi mbele ya kila atakayekuwepo, na nitasimulia yote tangu mlio wa kwanza."